Namna ya kuisoma shule ya msingi ya serikali kwa takwimu zake

Mwalimu mkuu akitangaza kwenye mkutano wa wazazi kwamba shule imefaulisha kwa asilimia 85, maswali mawili yaulizwe kabla ya makofi. Asilimia 85 ya watoto gani? Na wamefaulu nini hasa? Yote mawili yana majibu, na majibu hayo yamo ndani ya shule yenyewe, kwenye vitabu ambavyo kila shule ya serikali Tanzania Bara inatakiwa kuwa navyo. Anayehitaji mwongozo huu ni mwalimu wa taaluma, mjumbe wa kamati ya shule, Afisa Elimu Kata, na mzazi yeyote anayejua kugawanya na kutafuta asilimia. Tafuta daftari la mistari ya mraba, kikokotoo cha simu, na utenge siku mbili za kazi iliyotulia.

Vitabu vya kuanza navyo

Omba vitabu hivi kwa mwalimu mkuu: rejista ya uandikishaji (ile inayoonyesha mtoto aliingia lini, akiwa na umri gani, na mzazi au mlezi wake ni nani), rejista za mahudhurio za kila darasa kwa miaka saba iliyopita, kumbukumbu za uhamisho wa kuingia na kutoka, nakala ya taarifa ya takwimu ambayo shule huipeleka halmashauri kila mwaka, na orodha za usajili wa upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza darasa la saba. Matokeo yenyewe yapo kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), na kila shule ina namba yake inayoanza na PS. Tumia namba hiyo badala ya jina la shule, kwa sababu shule zinazoitwa Mapinduzi, Uhuru au Majengo ni nyingi na ni rahisi kuchukua matokeo ya wengine.

Kabla ya kunakili namba yoyote, hesabu watoto kwa macho. Ingia kila darasa siku ya Jumanne au Jumatano ya kawaida, si siku ya gulio wala siku ya kufungua shule, hesabu vichwa, kisha linganisha na rejista. Tofauti itakuwepo. Sehemu yake ni utoro wa siku hiyo, na sehemu nyingine ni majina ya watoto waliokwisha kuhama au kuacha ambayo hayajafutwa. Sababu ya kutofutwa inajulikana. Ruzuku ya uendeshaji hukokotolewa kwa kichwa cha mwanafunzi, shilingi 10,000 kwa mwaka, ambapo 6,000 huingia shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule yenye majina 40 ya ziada inapata shilingi 240,000 zisizo zake, na wakati huohuo mahudhurio yake yanaonekana mabaya kuliko yalivyo. Rekebisha orodha kwanza. Ukianza na idadi isiyo sahihi, asilimia zote zitakazofuata zitapotoka pamoja nayo.

Jambo jingine linalovuruga ni tarehe. Idadi ya Januari si ya Machi, kwa kuwa watoto wa darasa la kwanza huendelea kuandikishwa wiki nyingi baada ya shule kufunguliwa. Chagua tarehe moja, kwa mfano siku ya mwisho ya Machi, na uitumie hiyohiyo kwa miaka yote.

"Kufaulu" kunabeba nini

Mtihani wa darasa la saba una masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, hivyo jumla ni 300. Madaraja ya somo moja ni haya: A ni 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, E ni 0 hadi 10. Kwa jumla ya masomo yote, A huanzia 241, B 181, C 121, D 61, na chini ya hapo ni E. Aliyefaulu ni yule mwenye jumla ya A, B au C, yaani alama 121 na kuendelea.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea. Chukua mtoto aliyepata Kiswahili 38, Uraia 30, Maarifa 26, Sayansi 18, Kiingereza 7 na Hisabati 6. Jumla yake ni 125. Amefaulu, atachaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na amepata E katika Hisabati na Kiingereza, ile lugha atakayofundishiwa karibu masomo yote ya sekondari. Huyu si mtoto wa pekee. Kitaifa ufaulu wa jumla ulikuwa asilimia 80.58 mwaka 2023, lakini katika mtihani huohuo waliofaulu Kiingereza walikuwa takriban theluthi moja, na waliofaulu Hisabati hawakufika nusu. Kwa hiyo asilimia ya jumla isomwe kila mara pamoja na mchanganuo wa masomo. Shule yenye ufaulu wa 85 huku Hisabati ikiwa 30 ina kazi kubwa mbele yake, na makofi yakizidi kazi hiyo haitaonekana.

Kumbuka pia kwamba maswali mengi ya mtihani ni ya kuchagua jibu moja kati ya matano. Kwa maswali 40 ya aina hiyo, mtoto anayebahatisha tu hupata kama alama 8. Maana yake ni kwamba E, na hata D ya chini, zinaweza kumjumuisha mtoto ambaye hakusoma swali hata moja. Ukiona somo lina E nyingi, usianze na mada za darasa la saba. Anza kwa kuuliza kama watoto hao wanajua kusoma.

Asilimia ya ufaulu wa somo nayo ina upofu wake, kwani haioni kinachotokea juu wala chini ya mstari wa alama 21. Matokeo yanayotolewa huonyesha daraja la kila mtoto kwa kila somo bila alama ghafi, lakini wastani wa kukadiria unapatikana kwa kutumia katikati ya kila daraja: A hesabu 45.5, B 35.5, C 25.5, D 15.5, E 5. Zidisha kila moja kwa idadi ya watoto, jumlisha, gawanya kwa watahiniwa. Tazama miaka miwili ya somo moja katika shule ya mfano yenye watahiniwa 60:

Mwaka wa kwanza: A 4, B 9, C 17, D 21, E 9. Ufaulu asilimia 50, wastani wa kukadiria 21.8.

Mwaka wa pili: A 0, B 5, C 25, D 8, E 22. Ufaulu asilimia 50, wastani wa kukadiria 17.5.

Kwa anayetazama asilimia peke yake hakuna kilichobadilika. Ukweli ni kwamba waliokuwa juu wametoweka na walioanguka kabisa wameongezeka zaidi ya mara mbili. Sura ya namna hii hutokea mara nyingi pale mwalimu anapoelekeza nguvu zote kwa watoto walio karibu na mstari wa C, huku wa juu na wa chini wakiachwa wajitegemee.

Fuata kundi moja tangu darasa la kwanza

Hii ndiyo hesabu muhimu kuliko zote, na ndiyo isiyofanywa. Ufaulu hukokotolewa kwa waliofanya mtihani. Aliyeacha shule darasa la tano hayumo kwenye kinachogawanywa wala kinachogawanya, kana kwamba hakuwahi kuwepo. Shule mbili zinaweza kuwa na ufaulu uleule wa asilimia 85 wakati moja imefikisha watoto 9 kati ya 10 na nyingine imefikisha 6.

Andika idadi ya kundi moja, mwaka hadi mwaka. Mfano wa shule yenye mkondo mmoja mkubwa:

2018, darasa la kwanza: 124
2019, la pili: 119
2020, la tatu: 117
2021, la nne: 115
2022, la tano: 96
2023, la sita: 89
2024, la saba: 83
Waliosajiliwa kwa mtihani: 81
Waliofanya: 78
Waliofaulu: 66

Ufaulu unaotangazwa ni 66 kwa 78, sawa na asilimia 84.6, juu ya wastani wa kitaifa wa mwaka huo uliokuwa asilimia 80.87. Sasa, kosa la kawaida ni kutoa 83 kwenye 124, kupata 41, na kusema mdondoko (sehemu ya watoto walioacha shule njiani) ni asilimia 33. Si kweli, kwa sababu ndani ya 41 kuna waliohama kihalali, na ndani ya 83 kuna waliohamia na waliokariri, yaani waliorudia darasa, kutoka kundi la mbele yao. Lazima uende jina kwa jina.

Chukua orodha ya majina 124 ya mwaka 2018. Mbele ya kila jina andika herufi moja: H kwa aliyehama na uhamisho wake upo, F kwa aliyefariki, K kwa aliyekariri na sasa yuko nyuma, S kwa aliyefika darasa la saba kwa wakati, na D kwa asiyejulikana alipo. Katika mfano wetu: H 14, F 1, K 11, S 69. Jumla ni 95, hivyo D ni 29. Wale 14 wanaokamilisha 83 ni wageni wa kundi, 9 waliohamia na 5 waliokariri kutoka juu. Mdondoko ni 29 gawanya kwa 109 (yaani 124 ukitoa waliohama na aliyefariki), sawa na asilimia 26.6. Kati ya 66 waliofaulu, tuseme 55 ni wa kundi la mwanzo. Basi kati ya watoto 109 ambao shule hii ilikuwa na dhamana nao, waliofaulu kwa wakati ni asilimia 50.5.

Asilimia 84.6 na 50.5 zote ni za kweli. Ya kwanza inahusu mtihani, ya pili inahusu shule. Kamati inapaswa kuwa nazo zote mbili mezani.

Namba ya PReM, yaani namba ya pekee ya kila mwanafunzi katika mfumo wa kumbukumbu wa NECTA, husaidia sana katika kazi hii. Mtoto aliyehama kihalali huhamishwa ndani ya mfumo na namba yake humfuata, hivyo "amehama" ya mdomo inaweza kuthibitishwa. Majina peke yake hayatoshi. Mtoto aliyeandikishwa kwa jina la babu anaweza kusajiliwa mtihani kwa jina la baba, na wewe ukamhesabu mara mbili, mara moja kama mdondoko na mara nyingine kama mgeni.

Kisha tazama ngazi iliposhuka zaidi. Katika mfano ni kati ya la nne na la tano, watoto 19. Huu ndio mwaka wa upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na 11 wamekariri. Kukariri hakutibu kitu endapo mtoto anarudi kwenye darasa lilelile, mwalimu yuleyule na mazoezi yaleyale. Wafuate hao 11 kwa majina mwaka unaofuata, kwani aliyekariri na bado hajui kusoma yuko mguu nje mguu ndani.

Pengo kati ya 83, 81 na 78 nalo lisipitwe. Wawili hawakusajiliwa, watatu walisajiliwa wasitokee. Kila mmoja ana sababu yenye jina: ujauzito, kazi za ndani mjini, kuchunga, ugonjwa, au mzazi aliyemwambia mtoto ajifelishe ili asidaiwe sare ya sekondari. Sababu hizi hazifanani na dawa zake hazifanani. Kwa binti aliyeacha kwa ujauzito, Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unaruhusu arudi shuleni, na kazi ya kamati ni kuhakikisha mzazi na mwalimu wanaujua.

Watoto hawa ni akina nani

Takwimu zinazopelekwa halmashauri hugawa watoto kwa jinsi, umri na ulemavu. Hazitoshi kueleza matokeo, lakini ndipo pa kuanzia.

Jinsi ni rahisi, bali watu wengi hukosea kwa kulinganisha asilimia za mtihani tu. Ikiwa wavulana wengi wameacha kwenda kuvua au machimboni, wavulana waliobaki ni wale wenye msukumo zaidi, na ufaulu wao utaonekana mzuri. Fanya ile hesabu ya kundi kwa wavulana na wasichana kila mmoja peke yake.

Umri una uzito kuliko unavyodhaniwa. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 au 7 anapaswa kuwa na 12 au 13 akiwa la saba. Katika kila darasa hesabu waliozidi umri kwa miaka miwili au zaidi. Darasa la tatu lenye robo ya watoto wa miaka 11 na kuendelea linaashiria kwamba uandikishaji umechelewa au ukariri umezidi, na watoto hao ndio watakaoacha kwanza, kwa kuwa wanaona aibu kukaa na wadogo zao na mikono yao inahitajika nyumbani. Umri ulioandikwa kwa kukisia unajionyesha wenyewe: ukikuta darasa zima lina tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, uliza vyeti vya kuzaliwa au kadi za kliniki.

Ulemavu mwingi hauonekani kwenye orodha kwa sababu hakuna aliyepima. Mweke mtoto nyuma ya darasa asome sentensi ubaoni. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Njia hizi hazichukui nafasi ya mtaalamu, ila zinakuonyesha nani apelekwe kituo cha afya. Ina uzito kwenye matokeo pia. Mtahiniwa mwenye uoni hafifu akisajiliwa hivyo hupata karatasi yenye maandishi makubwa na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Asiposajiliwa hivyo atapewa karatasi ya kawaida, na E yake itaandikwa kama ya mtoto mzito. Watoto wenye ualbino wapewe kipaumbele katika ukaguzi huu.

Mambo manne yafuatayo nayo yafuatiliwe, kwani kwa kawaida ndiyo yanayoeleza tofauti kati ya shule na shule: kitongoji anachotoka mtoto, kama alipitia elimu ya awali, lugha anayoongea nyumbani, na nani anayeishi naye. Tengeneza karatasi moja kwa kila darasa yenye safu hizo. Kwa umbali usiulize kilomita, kwani kila mtu atakisia. Andika kitongoji, kisha pima njia mwenyewe mara moja na uandike kama kuna mto unaofunga njia masika. Kwa lugha, uliza "bibi anakusemesha lugha gani?" badala ya "unajua Kiswahili?", maana hilo la pili kila mtoto atalijibu ndiyo. Katika vijiji vya Wasukuma, Wamaasai, Wabarbaig au Wahadzabe, mtoto anaweza kuingia darasa la kwanza akiwa na maneno machache ya Kiswahili, na mwaka mzima wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ukapita huku akijifunza lugha badala ya kusoma. Shule ya namna hiyo itakuwa na matokeo ya chini darasa la pili hata kama mwalimu ni hodari, na kinachohitajika ni awali yenye mwalimu anayeielewa lugha ya watoto.

Ukishakuwa na safu hizo, gawa matokeo ya ndani (mtihani wa mwisho wa muhula unatosha) kwa kila kundi. Waliopitia awali wana wastani gani, wasiopitia wana wastani gani? Kitongoji cha mbali kikoje? Tahadhari moja: kundi la watoto watano au pungufu usilitolee asilimia. Wataje kwa idadi tu, ndani ya ofisi.

Mahudhurio

Mwaka wa masomo una siku 194. Kiwango cha mahudhurio hupatikana kwa kujumlisha siku zote walizohudhuria watoto wa darasa, kisha kugawanya kwa zao la idadi ya watoto na siku zilizofundishwa. Darasa la watoto 50 kwa mwezi wenye siku 20 lina nafasi 1,000; kama alama za kuhudhuria ni 830, mahudhurio ni asilimia 83. Usiishie hapo. Hesabu pia kwa siku ya wiki: ikiwa Alhamisi hushuka hadi 60, kuna gulio au mnada. Hesabu kwa mwezi: kushuka wakati wa kupalilia au kuvuna kunajieleza. Hesabu na mchana, kwa sababu rejista huitwa asubuhi, na shule isiyotoa uji wala chakula inaweza kupoteza theluthi ya watoto baada ya saa sita bila kitabu chochote kuonyesha. Wiki moja ya kuhesabu vichwa saa nane mchana inatosha kukupa picha.

Rejista yenye vema tupu mwezi mzima, bila mtoto hata mmoja kukosa, imejazwa Ijumaa kwa mkupuo. Iweke kando.

Walimu na vyumba

Viwango vinavyotumika ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, dawati moja kwa watatu, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na kwa wavulana 25. Shule ya wanafunzi 612 na walimu 9 ina uwiano wa 1 kwa 68. Lakini wastani huo unaficha mgawanyo, na mgawanyo ndio unaoumiza. Shule nyingi humpa darasa la saba mwalimu bora na chumba chenye watoto 45, huku darasa la kwanza likiwa na watoto 140 chini ya mwalimu mmoja. Andika uwiano wa kila darasa. Toa walimu walio masomoni, likizo ya uzazi au waliohamishwa kwa mdomo bila mbadala, kwa sababu kwenye ikama (orodha rasmi ya watumishi) bado wanaonekana.

Kuhamisha mwalimu mmoja hodari kwenda darasa la kwanza na la pili hakugharimu shilingi, na ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote ambazo shule inaweza kuchukua yenyewe. Faida yake itaonekana kwenye upimaji wa darasa la nne, si mwaka huohuo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema.

Ulinganishe na nani

Tangu mwanzoni mwa 2023 NECTA imeacha kutangaza orodha ya shule bora, lakini tabia ya kupanga shule imebaki katika kata na halmashauri. Shule ya kutwa ya serikali ikilinganishwa na shule ya binafsi inayofanyia watoto usaili, kinachopimwa ni usaili. Chagua shule nne hadi sita za serikali zenye ukubwa wa darasa unaokaribiana, uwiano wa walimu unaokaribiana, na wazazi wa shughuli zilezile. Ukiona moja imewaacha wenzake kwa alama 30 za wastani wa jumla (ule wa kati ya 300), nenda ukaone wanafanya nini.

Ulinganisho bora zaidi ni wa watoto walewale. Waliofanya upimaji wa darasa la nne 2021 ndio waliofanya mtihani wa darasa la saba 2024. Tafuta wastani wa shule ulikuwa juu au chini ya wastani wa halmashauri kwa kiasi gani mwaka 2021, kisha 2024. Shule iliyokuwa chini kwa alama 40 na sasa iko chini kwa 10 imefundisha kweli, hata kama bado iko nusu ya chini ya orodha. Ila hakikisha kwanza kwamba wadhaifu hawakuondolewa njiani. Ile orodha ya herufi H, K na D ndiyo shahidi.

Shule ndogo zisihukumiwe kwa mwaka mmoja. Penye watahiniwa 12, mtoto mmoja ni sawa na asilimia 8.3, homa ya malaria ya asubuhi moja inaweza kuishusha shule nafasi ishirini. Unganisha miaka mitatu, jumlisha waliofaulu wote, gawanya kwa waliofanya wote. Usichukue wastani wa asilimia tatu, kwani mwaka wenye watoto 9 utapewa uzito sawa na wenye 31.

Mwaka 2027 utahitaji uangalifu wa pekee. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 watamaliza elimu ya msingi darasa la sita, mwaka uleule ambao waliokuwa mbele yao wanamaliza la saba. Makundi mawili, mitaala miwili, umri tofauti. Yaandikwe kwenye safu mbili, na wala yasiunganishwe na mstari wa miaka iliyotangulia.

Kuwasilisha bila kumuumiza mtoto

Taarifa za afya, ulemavu na familia za watoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Karatasi zenye majina zikae kwenye kabati lenye kufuli. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi na ubao wa matangazo ziende jumla tu. Mtoto yatima, mwenye ulemavu au aliyerudi baada ya kujifungua asijitambue kwenye taarifa yako, wala jirani asimtambue.

Kwa mkutano wa kamati andaa ukurasa mmoja: ngazi ya kundi kutoka darasa la kwanza hadi kufaulu, wastani wa masomo sita kwa miaka mitatu, mahudhurio ya asubuhi na mchana, uwiano wa kila darasa. Wasomee kwa watoto, si kwa asilimia: "kati ya kila watoto kumi tulioandikisha, watano walifaulu kwa wakati" inaeleweka na mzee asiyewahi kukokotoa asilimia. Kisha waombe waamue jambo moja au mawili yenye mtu na tarehe: nani ataenda kwenye kaya za wale 29, nani atasimamia uji kuanzia wiki ipi, mwalimu gani atahamia darasa la kwanza Januari.

Nakala moja iende kwa Afisa Elimu Kata, nyingine ibaki kwenye jalada la shule pamoja na maelezo ya namna kila namba ilivyopatikana. Walimu wakuu huhamishwa, na anayekuja akikuta namba bila njia yake ataanza upya kwa tarehe nyingine na kanuni nyingine, na miaka mitatu ya kumbukumbu haitalinganishika tena.